Alarmu ya Gari Jekundu

Odia alinipigia simu Jumapili, nimetoka kanisani na bado sijavua viatu. Alitaja jina lake mara mbili kabla sijamtambua, maana mara ya mwisho nilipomwona alikuwa na miaka sita na amekosa meno mawili ya mbele. "Mama Mado," alisema, "papa alikufa. Tulimuzika Mbujimayi juma ilipita." Namba yangu aliipata kwa katekista mmoja ambaye ndugu yake yuko hapa Kolwezi. Tulilia kila mtu upande wake, na tulipomaliza kulia akaniuliza jambo ambalo sikulitarajia: ni kweli baba yake alikuwa na gari la spoti? Watoto wake hawaamini. Wao wanamjua babu aliyekuwa akitengeneza redio chini ya mwavuli sokoni na kwenda nyumbani kwa miguu. Nikamwambia ni kweli, lilikuwa jekundu, lenye milango miwili, na lilikuwa na alarmu iliyouchosha mtaa mzima. Akacheka, na kicheko chake kilikuwa cha mama yake kabisa. Kwa hiyo naandika. Habari za wazazi wangu na ukoo wangu naziacha, hazina kazi hapa. Naandika mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka ishirini na mitatu, fundi wa umeme wa magari katika karakana ya baba yake, Tata Mbuyi, mtaa wa Manika.

Karakana yenyewe ilikuwa nyuma ya nyumba yake: bati juu ya nguzo nne za chuma cha reli, meza ndefu iliyokula mafuta mpaka ikawa nyeusi, na ukuta mmoja tu, ule uliotutenganisha na jiko la mke wake, Mama Odia. Mimi nilikuja pale kutoka shule ya ufundi na cheti changu na kiburi changu. Yeye hakuwa na cheti. Umeme alijifunza kwa kufungua vitu na kuvirudisha, na alinichukua kama fundi mwenzake ingawa aliniita mutoto mpaka siku ya mwisho. Wateja waliponiona nimeinama ndani ya injini, makalio juu, suruali ya kazi imejaa grisi, walimwuliza kama mimi ni binti yake. "Hapana," alikuwa akijibu bila kuinua kichwa, "huyu ni fundi. Mi njo niko binti yake." Nilijifanya sikusikia, lakini nilisikia kila mara, na hata leo nikikumbuka nanyoosha mgongo.

Saa sita mchana Mama Odia aligonga ukuta kwa mwiko, nasi tukanawa mikono kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, kisha tukaingia sebuleni. Ilikuwa sebule ndogo yenye viti vikubwa mno, vilivyovikwa vitambaa vya kufuma, hata kupita ilibidi mtu aende kiubavu. Hapo tulibishana kila siku ya Mungu juu ya chakula. Kwetu bukari, yaani ugali, ni ya mahindi matupu. Mama Odia alichanganya na unga wa muhogo, kwa namna ya Kasai, ikawa laini na ya kuvutika. "Mama Odia," nilikuwa namwambia, "hii si bukari, hii ni chambre à air, mpira wa ndani ya gurudumu." Naye alinijibu huku akiniongezea tonge: "Na ile yenu ya mahindi, mutu anakula, anainuka, njaa iko inamungojea ku mulango." Tulikula na sombe, majani ya muhogo, au siku njema makayabo, samaki wa chumvi, na watoto wanne wakituzunguka miguuni. Sijawahi kula mahali pengine nikajisikia hivyo nyumbani, na nasema hivi nikiwa nimekula katika nyumba nyingi.

Gari lilikaa uani, chini ya kivuli chake chenyewe cha majani. Mhandisi mmoja mzungu wa mgodi alimwachia alipofunga mizigo kwa haraka miaka ya nyuma. Lilikuwa fupi kwa kimo, tumbo linakwaruza kila tuta, na Tata Mbuyi alilitoa Jumapili tu, kwenda misani na kurudi. Mama Odia alikaa mbele huku kilemba chake kikigusa paa, watoto wamepangwa nyuma pasipo na kiti cha maana. Barabarani watu walisimama kumpigia makofi. Yeye aliinua vidole viwili kutoka kwenye usukani, kwa unyenyekevu wa kujifanya.

Alarmu aliifunga mwenyewe. Ilifika kwa treni ndani ya kisanduku, tayari imekwisha kutumika, imetengenezwa kwa gari la aina nyingine kabisa. Kazi yake ilikuwa kusikiliza mtikisiko: gari likitikiswa, inalia na kukata umeme wa injini. Sasa, Kolwezi ni mji wa kutikisika. Kule shimoni walikuwa wakilipua mwamba karibu na saa sita, ardhi inaguna, vikombe vinagongana kabatini, na papo hapo alarmu ya Tata Mbuyi inajibu kwa sauti ya mbuzi aliyekanyagwa. Kina mama wa mtaa waliinjika sufuria kwa sauti ile. Lakini mwaka huo mgodi ulikuwa unaanguka, milipuko ikapungua, ikawa mmoja kwa juma, kisha hakuna. Badala ya kunyamaza, alarmu ikaanza kulia ovyo: mvua ikinyesha inalia, kuku akiruka juu ya boneti inalia, kwaya ikipiga ngoma inalia. Mara mbili ilizima gari katikati ya barabara, Mama Odia amevaa nguo za Pasaka.

Lazima nieleze na nyaya, maana mambo yote yatafikia hapo. Mji mzima ulitumia waya wa mgodi, uliotoka kwenye magurudumu makubwa ya mbao, na wote ulikuwa wa kijivu. Shuleni walitufundisha kufuata rangi: huu mwekundu, huu mweusi, huu wa bluu. Manika hapakuwa na rangi. Mafundi walipiga mafundo kwenye ncha: fundo moja huu wa betri, mawili huu wa kuwashia, na kadhalika, na kila karakana ilikuwa na mafundo yake ambayo jirani hakuyajua. Mimi niliyaona mafundo kama uchafu na nilimwambia. "Mu masomo yenu fili iko na rangi," alisema. "Hapa iko na mafundo. Utazoea." Sikuzoea.

Mwaka huo ndipo watu wa Kasai walipoambiwa warudi kwao. Wengi walizaliwa hapa, kwa sababu baba zao na babu zao waliletwa kufanya kazi ya mgodi na reli, lakini shaba ilipopungua na kazi ikapungua, ghafla wao ndio wakawa sababu. Tata Mbuyi hakuwahi kuiona Kasai hata siku moja. "Kwetu ni fasi gani?" aliniuliza mara moja, bisibisi mkononi. "Mi nilizaliwa mu hopitali ya kampuni, pale, unaona bati yake. Nikirudia kwetu, nirudie mu ile kitanda?" Alicheka peke yake. Mwalimu wa Odia akatoweka, kisha mwuza dawa, kisha mlango wa jirani ukapakwa alama ya chokaa. Jiko la Mama Odia, ambalo zamani tulilisikia kupitia ukuta likijaa uvumi wa harusi, likawa na mazungumzo ya chini: nani kaondoka, nani kapigwa, nani amelala stesheni. Siku moja nilimsindikiza Mama Odia kupeleka uji kwa dada yake pale stesheni. Familia zilikuwa zimejaa mpaka kwenye reli, juu ya magodoro na masanduku, zikingoja treni isiyokuja, na watoto walikuwa wanakufa kwa surua. Nilimwona mwanamume akibeba kifurushi kidogo kwenye kanga, na nyuma yake watu watatu tu. Tulipofika mlangoni Mama Odia alisema: "Batoto yangu habataenda kulala pale." Dada yake alipata nafasi kwenye treni siku chache baadaye.

Nami? Mimi ni Mkatanga, mtu wa mkoa huu, hakuna aliyenigusa. Wateja ambao zamani walimtafuta Tata Mbuyi sasa walinitafuta mimi, mbele yake. Mmoja, mtu mzima anayeheshimika parokiani, alininong'oneza wakati Tata Mbuyi amelala chini ya gari la huyo huyo mteja, miguu imetokeza: "Mado, vumilia kidogo. Hii fasi yote itakuwa yako." Nilijibu, "Lete ufunguo, tata." Ndilo jibu nililolitoa. Miguu ile haikusogea, lakini nyundo ilinyamaza kwa muda, na naamini alisikia. Mwaka mzima sikuwahi kufungua kinywa mbele ya watu na kusema kwamba huyu ni mtu wetu. Nilikuwa hodari wa kubishana juu ya bukari.

Aliyefungua njia ni Tata Ramazani, Mwislamu wa Kasongo, msafirishaji mwenye lori, ambaye alikuwa amelitamani gari jekundu tangu siku aliyoliona. Alikuja akakaa sebuleni kiubavu, akanywa chai, akasema maneno machache. "Jumamosi, Inshallah, lori yangu inapita Mutshatsha, inaendelea. Nitabeba ninyi wote saba, na kule mbele niko na ndugu wa kuwafikisha Kasai. Weye utaniachia gari." Saba walikuwa Tata Mbuyi, mkewe, watoto wanne na bibi yao. "Lakini sikia, rafiki. Mi siitaki ile shetani yako inalia. Niko na mupya." Akatoa mfukoni kisanduku ambacho dereva wake alikileta kutoka Zambia: alarmu mpya, na kifaa kidogo cha kubonyeza ukiwa mbali. "Toa ya zamani, weka hii. Nikizungusha ufunguo mara tatu, gari iwake mara tatu. Basi tumepatana." Hivyo ndivyo ilivyokuwa: gari likiwaka, watapanda lori, lisipowaka, kuna stesheni.

Tulianza Jumatano asubuhi. Tuling'oa viti na zulia, tukakuta maganda ya karanga, kiatu kimoja cha mtoto na sadaka iliyopotea ya Jumapili fulani. Tata Mbuyi aliitwa barazani na jirani, akachelewa, nami sikutaka kukaa bure. Nilitaka arudi akute kazi ya kumfurahisha. Nikakata ncha zote zenye mafundo, moja baada ya nyingine, nikazivua ngozi, nikaacha shaba safi inayong'aa, nikazilaza sambamba kama kwenye mchoro wa kitabu. Nyaya kumi na nane. Nilikuwa bado nazipenda kwa macho wakati mawe yalipoanza kupiga bati. Vijana walikuwa getini, wengi, wakiimba. "Mukasai! Kesho tusikukute!" Mama Odia alikusanya watoto kupitia jikoni, na kwa uchochoro wakafika kwenye ghala la Ramazani wote salama, Tata Mbuyi akiwa wa mwisho na bibi mgongoni. Hakupata kurudi kuona nilichofanya. Kelele zilipoisha nikakaa ndani ya gari lisilo na viti, mbele ya nyaya kumi na nane za kijivu zilizofanana kama mvua, nikaelewa.

Alhamisi asubuhi nilijaribu kwa balbu ya kupimia. Ulio hai niliupata, lakini nyingine zilikuwa zimelala kimya, zimeingia chini ya dashibodi na kwenye milango, na kila nilipokisia nilikosea. Nikaunguza fyuzi. Nikaunguza ya pili. Ikabaki moja, na madukani hakuna. Hapo nikaacha, nikanawa, nikaenda ghalani kukiri.

Nilimkuta Tata Mbuyi amekaa juu ya gunia la chumvi, amevaa shati la kanisani kwa sababu ndilo alilolishika wakati wa kukimbia. Nikasema kwa pumzi moja.

"Tata, nilikata mafundo."

"Gani?"

"Yote."

Mama Odia akaziba mdomo kwa kiganja. Yeye alinitazama, akatazama dari, halafu mabega yakaanza kutikisika, na nikaona kwamba anacheka, bila sauti, machozi yanamtoka. "Mutoto ya masomo," alisema alipoweza. "Na ilikuwa muzuri?"

"Nini, Tata?"

"Kazi. Vile ulikata. Ilikuwa muzuri?"

"Ilikuwa muzuri sana," nikasema, nikaanza kulia kwa sauti, mbele ya watoto.

Akavuta gunia lingine, akalipanga likawa kiti cha dereva. Akaketi, akanyoosha miguu kwenye pedali ambazo hazikuwapo, akashika usukani ambao haukuwapo, akafumba macho. "Andika. Ya kwanza, ile inapita nyuma ya goti yangu ya kushoto, inapanda, njo ya batri. Ya pili inazunguka nyuma ya redio. Pale nilikosa urefu, nikaunga, utagusa nundu ya skochi, ile utepe ya gundi. Ya mulango wa kuume niliivuta siku Odia alizaliwa, mukono ulikuwa unatetemeka, nikaipitisha juu ya ingine. Utaiona, iko mubaya. Usicheke." Aliendelea hivyo alasiri nzima, waya kwa waya, mkono wake ukifuata hewani kitu ambacho yeye peke yake alikiona, akitaja mvua ya siku ile, mgeni wa siku ile, mimba ya siku ile. Bibi alisinzia. Watoto walikaa nyuma yake juu ya chumvi, wawili wawili, kana kwamba wanapelekwa misani. Nyaya zote kumi na nane alizikumbuka. Niliandika nyuma ya karatasi ya mfuko wa saruji, na nilimpenda siku ile kuliko nilivyowahi kumwambia.

Ijumaa mchana nilimaliza. Niligusa kila nundu, nikakuta kila kitu mahali alipokitaja. Kisanduku cha zamani kilichokuwa chini ya kiti nilikitoa, kizito na chenye vumbi jekundu, nikafunga kipya mahali pake, nikarudisha viti. Sauti yake ilikuwa tofauti, ya juu, ya vipande vipande, na taa zilipepesa. Kuku wakaruka juu ya boneti, haikulia. Nilikaa kwenye kizingiti cha jiko tupu nikala bukari baridi iliyobaki sufuriani.

Jumamosi asubuhi Ramazani alizungusha ufunguo mara tatu, na gari likawaka mara tatu. Akampa Tata Mbuyi mkono, basi. Magunia ya chumvi na katoni za sabuni zilikuwa zimepangwa na kuacha nafasi katikati. Wakaingia mmoja mmoja. Kabla ya kuinama chini ya turubai Tata Mbuyi alinigeukia. "Mutoto, ukibaki peke yako, ukule. Weye unasahaukaka kula." Nikamshikia turubai apite. Turubai likafungwa. Mpango wa Ramazani ulikuwa yeye atangulie na gari jekundu, mimi kando yake, na lori lifuate likiendeshwa na mdogo wake. Alisema vijana wakiliona gari limebadilisha mikono watajua mwenyewe amekwisha ondoka, hawatatafuta zaidi.

Mwisho wa mji kulikuwa na kizuizi, nguzo juu ya mapipa mawili. Vijana kama kumi na watano, na wawili kati yao nilikuwa nimetengeneza pikapu ya baba yao. Waliliona gari wakapiga mayowe. "Motokari ya Mbuyi! Mwenyewe iko wapi?" Ramazani akasema ni lake sasa. Wengine walifurahi, lakini mmoja, mwembamba, mwenye nondo mkononi, alitupita bila kutuangalia, akaelekea kwenye lori. Kwenye kioo nilimwona akiinyoosha ile nondo, kama mtu anayetaka kuchoma magunia kuona yana nini.

Nikafungua mlango nikatoka. "Njooni muone!" nilipiga kelele, na nikabonyeza kile kifaa kidogo. Gari likalia kwa sauti yake mpya, taa zikapepesa, na mimi nimesimama mbali nalo, mkono juu. Hawakuwahi kuona kitu kama kile. Mwenye nondo akageuka. Mmoja akaiga sauti ya mbuzi aliyekanyagwa, kila mtu akaijua, wakacheka. "Na ile ya zamani iko wapi?" akauliza.

Na mimi nikasema, kwa sauti yangu ya karakana, nikicheka: "Ile ya Mukasai tulitoa! Ilikuwa inapiga makelele ya bure! Tulitupa, tukatia ya kwetu!"

Walipasuka. Wakaligeuza wimbo hapo hapo, wakapiga paa la gari kwa viganja: tulitoa, tulitupa, tukatia ya kwetu. Mwenye nondo akarudi mbio kutaka abonyeze na yeye. Nikampa kifaa. Mwingine akainua nguzo, akalipungia lori kofia lipite, asije akakosa mchezo.

Lori lilipita polepole kwa sababu ya mashimo, karibu nami kiasi cha kuligusa. Nilikuwa bado nacheka, mdomo wazi, kwa sababu ilibidi nicheke mpaka limalize kupita. Walifika wote saba, watoto wote wanne, hakuna aliyelala stesheni, na kwa hilo namshukuru Mungu kila siku. Lakini barua hazikwenda, miaka ikapita, na Jumapili ile kwenye simu sikuthubutu kumwuliza Odia kama baba yake aliwahi kulitaja neno langu la pale kizuizini. Turubai si ukuta, na sauti yangu inapita juu ya nyundo. Kati ya yote niliyowahi kumwambia Tata Mbuyi, hilo ndilo la mwisho alilolisikia.